Sifa za Chupa Ipasukayo

Miongoni mwa walimu waliodharauliwa bila haki, inastahili kutajwa kwa heshima chupa ya bia inayopasuka usiku wa manane uvunguni mwa ngazi za mtu ajipikiaye pombe kwa kujiburudisha, kwani somo lake hutolewa mara moja tu, na aliyelisikia haombi kurudiwa. Uingereza iliwaondolea wapishi wa namna hii sharti la leseni mwaka 1963, na Marekani ikawapa ruhusa ya kitaifa kwa sheria iliyotiwa saini na Rais Jimmy Carter mwaka 1978. Tangu hapo kazi ya ukaguzi imebaki kwa chupa, mkaguzi asiyepokea rushwa.

Mpishi huchemsha mchuzi wa kimea, yaani wa shayiri iliyooteshwa kisha ikakaushwa, pamoja na maua machungu ya hopsi, halafu hupoza mchuzi huo na kuutia hamira, vijidudu vinavyokula sukari na kutoa kileo pamoja na kabonidioksidi, ambayo ndiyo hewa ya povu. Bia ikishatulia hutiwa chupani na sukari kidogo, gramu tano au sita kwa lita, ili hamira iliyosalia iijaze hewa. Mwenye pupa, asiyengoja sukari ya awali iishe, huongeza hii juu ya ile na kugongelea kizibo, akawa amefungia walafi na karamu yao katika chumba kisicho na dirisha. Wiki mbili baadaye ukuta umepakwa rangi ya asali, kigae cha chupa kimechoma mlango wa kabati, na zulia linanuka unga uliochacha.

Wachaga wa Kilimanjaro, wapikao mbege kwa ndizi mbivu, ulezi na gome chungu la msesewe, wamenyimwa elimu hii, maana pombe yao hunywewa ingali ikichachuka, katika kata, chombo cha kibuyu kilicho wazi juu, ambamo hewa hujiendea zake. Hulala usingizi mnono, maskini, wasijue wanachokikosa.

Chupa iliyonusurika hubebwa bustanini imeviringishwa taulo kama mtoto mchanga, ikafunguliwa kwa mkono ulionyooshwa na uso uliogeuzwa pembeni, robo tatu yake ikarukia majani. Robo iliyobaki hugawanywa vikombeni kwa uangalifu mkubwa, na ni nadra mgeni kuthubutu kusema kuwa ni chachu.