Barua ya Wazi: Posa Iliyodondoka Makueni

Kwa Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Matumizi ya Amani ya Anga za Juu,
Vienna, Austria.

KUH: PETE YENU

Waheshimiwa,

Mchana wa tarehe 30 Desemba 2024, pete ya chuma ilidondoka kijijini Mukuku, Kaunti ya Makueni. Upana mita 2.5, uzito kilo zipatazo 500. Kwetu Ukambani mposaji hutanguliza mbuzi wa posa waitwao ntheo ndipo asikilizwe. Huyu wenu alitupa pete kwa kishindo, akatokomea bila kuacha hata jina.

Shirika la Anga za Juu la Kenya lilikuja kuichukua. Likaeleza kuwa ni kipande cha roketi, na kwamba vipande hivyo kwa kawaida huundwa viteketee vikirejea, au viangukie pasipo watu, kama vile baharini. Ila Makueni hatuna bahari, waheshimiwa. Kiangazi kikikaza, hata maji ya kunywa tunayafukua mchangani, mtoni, tukiyachota kikombe kwa kikombe.

Mkataba wenu wa 1972 tumeusoma. Nchi iliyorusha chombo hulipa hasara kitakayoleta ardhini, hata kama haikuzembea. Kanada iliangukiwa na setilaiti ya Kisovieti, Kosmos 954, mwaka 1978, ikalipwa dola milioni 3 za Kanada. Sisi tumdai nani? Wafuatiliaji wa anga walikisia roketi ya Ulaya ya mwaka 2008, lakini sijasikia aliyekuja kusema, "Ni yangu, poleni."

Na ile miongozo yenu ya 2007 ya kupunguza taka za angani, kumbe ni ya hiari! Hapa Kenya, tangu Agosti 2017, mama wa soko la mjini Wote akikufungia ndengu kwenye mfuko wa plastiki anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 4, au afungwe hadi miaka 4. Hakuna aliyemuuliza hiari yake. Mfuko wenyewe hauna uzito wa kumtisha kuku.

Majirani wa Kitui, ng'ambo ya mto Athi, wanauliza kama zamu yao imeshapangwa, wahamishe mbuzi mapema.

Basi geuzeni miongozo hiyo iwe sheria yenye faini, na kila kipande kinachorushwa kiandikwe jina la nchi yake, kwa herufi zisizoungua.

Wenu mtiifu,
Mkazi wa Makueni