Shosho Aapa Kwamba Yeye Ni Yeye

Usiku wa kuamkia tarehe 6 Februari 1952, Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza alilala juu ya mti, katika hoteli ya Treetops kwenye msitu wa Aberdare, karibu na mji wa Nyeri. Usiku huohuo baba yake akafariki huko Sandringham. Alipanda mtini akiwa binti mfalme, akashuka akiwa malkia, ingawa habari zenyewe zilimfikia baadaye akiwa Sagana Lodge. Na kwa kuwa pasipoti za Uingereza hutolewa kwa jina la aliye kwenye kiti cha enzi, tangu siku ile hakuhitaji pasipoti tena maishani mwake. Sijasikia utaratibu mwingine wa karatasi za safari uliokamilika upesi namna hiyo katika kaunti yetu. Sisi wengine tunapita njia ya chini.

Safari yetu ilianza pale wifi yangu aliyeko Massachusetts alipojifungua, akapiga simu kumtaka mama yake aende amsaidie kulea. Shosho, kama tunavyomwita sote kwa kuwafuata watoto, anakaa Othaya, na majani chai yake huenda kiwanda cha Chinga. Hajawahi kuvuka mpaka wowote isipokuwa ule wa shamba la jirani, na huo ulimfikisha kwa chifu. Alikubali papo hapo. Aliuliza tu ni nani atakayekamua ng'ombe.

Baba watoto akamwambia asiwe na wasiwasi, pasipoti siku hizi ni jambo la simu. Unaingia eCitizen, tovuti ya serikali, unajaza, unalipa shilingi 7,500 za kitabu kidogo, unakwenda kupigwa picha na kutoa alama za vidole, basi. Akakaa kwenye kiti cha marehemu baba yake, akavaa miwani, akaanza. Mtandao ukataka namba ya kitambulisho na jina la kwanza. Akaandika Lois. Ukakataa. Akaandika Loise, kama wanavyomwita kanisani. Ukakataa. Akaandika Louise, ukakataa tena, naye akaanza kuisema vibaya kampuni ya simu. Mtoto wetu wa darasa la sita akachukua kitambulisho mezani na kukisoma kwa sauti: Roice.

Wanawake wa Kenya waliingizwa kwenye usajili wa vitambulisho mwaka 1978, na Shosho alikuwa kwenye foleni za mwanzo, mtoto mgongoni. Karani alimuuliza jina. Shosho akalitamka kwa ulimi wa Othaya, ambao hauoni sababu ya kutenganisha L na R, na karani akaandika alichosikia. Kutoka siku hiyo hakuna aliyewahi kulisoma jina lile. Benki walisoma namba, kiwandani walisoma namba, na siku ya kupiga kura walisoma namba, kisha wakamtazama usoni.

Tukamwingiza kama Roice, na mtandao ukataka cheti cha kuzaliwa. Shosho hana. Alizaliwa nyumbani, enzi ambazo usajili wa lazima wa vizazi na vifo ulikuwa haujawafikia watu wa huku. Ulipomaliza kuenea nchi nzima, mwaka 1971, yeye alikuwa tayari mke wa mtu. Dawa yake ipo, na inaitwa usajili uliochelewa. Shosho alipotafsiriwa maneno hayo aliudhika.

"Mimi sikuchelewa. Nilizaliwa siku yangu. Wao ndio waliochelewa kuja."

Zilitakiwa barua ya naibu chifu, kadi ya ubatizo, majina ya wazazi, mahali pa kuzaliwa na tarehe. Kitambulisho kilikuwa na mwaka peke yake, 1954, bila siku wala mwezi. Mume wangu akapendekeza tarehe 1 Januari, ambayo imewazaa wazee wengi wa nchi hii. Shosho akamtazama mwanawe kana kwamba amemtukana. Januari ni kiangazi, akasema. Mama yake alimwambia alizaliwa mvua ya njahi, matope magotini, wakati wanawake wa Nyeri walipokuwa wakilazimishwa kuchimba handaki la kando ya msitu ili wapiganaji wa Mau Mau walio ndani wasipate chakula. Kwa hiyo ni Aprili. Tukampigia kaka yake aliyeko Nyahururu atuthibitishie. Naye akashikilia kwamba ilikuwa mvua ya mwere, Novemba, kwa sababu alikuwa mkubwa na aliona kwa macho yake. Walibishana hadi salio la simu likaisha. Aprili ikashinda, kwa kuwa Shosho ndiye aliyezaliwa.

Ikabaki kadi ya ubatizo. Ipo, akasema Shosho, ameiweka vizuri.

Anayeijua nyumba ya wazee wa Othaya anajua kwamba hakuna mahali pagumu kufika kama "vizuri". Baba wa Shosho alivaa kipande, kitambulisho cha enzi za ukoloni, shingoni ndani ya kikopo cha chuma, hadi vipande vilipoondolewa mwaka 1947. Hali ya hatari ikatangazwa 1952, na baadaye Wakikuyu, Waembu na Wameru wakaletewa pasibuku, na asiyekuwa nayo hakupita kwenye vizuizi vya barabarani. Mtoto aliyelelewa hapo alijifunza kwamba karatasi ya serikali kwanza inafichwa, ndipo inaonyeshwa. Shosho huhifadhi zake ndani ya mkebe wa biskuti, na mkebe ndani ya gunia la maharagwe ghalani. Gunia lipi, hakukumbuka. Tuliyamwaga sakafuni moja baada ya lingine, kuku wa mtaa mzima wakasikia, na shemeji yangu aliyekuja kusaidia akateleza juu ya maharagwe akabaki ameketi palepale akitoa maagizo.

Mkebe ulipopatikana ulitoa hati ya shamba, risiti za bonasi, risiti za kupandisha ng'ombe ambao walishakuwa supu, na kadi ya ubatizo iliyosomeka vizuri kabisa: Loise. Chini yake kulikuwa na leso iliyofungwa fundo. Mume wangu akaifungua, akakuta kitambulisho cha baba yake.

Mtu akifa, kitambulisho chake hurudishwa. Guka, mume wa Shosho, alipofariki, naibu chifu alikiulizia wakati wa kuandika kibali cha mazishi, na Shosho akaapa kwamba kimepotea.

"Mama, si ulisema kimepotea?"

"Kilipotea kwao. Kwangu kipo."

Hakuna aliyesema zaidi. Picha nyingine ya Guka ni ile ya harusi ya wifi, naye amefumba macho. Lakini fomu ilikuwa bado wazi kwenye simu na ilitaka kujua kama mwombaji ameolewa, ni mjane au ametalikiwa. Shosho akaagiza iandikwe ameolewa. Mwanawe akamkumbusha kwa upole kwamba mzee alifariki. "Alifariki," akajibu, "lakini hakuniacha." Ilibidi niingilie mimi, mke wa mwana, kueleza kwamba mjane si mwanamke aliyeachwa.

Mume wangu alileta cheti chake mwenyewe cha kuzaliwa ili kulinganisha majina, na hapo ndipo nyumba ilipotikisika. Mama yake ni Rois. Shemeji akatuma cha kwake kwa simu, mama ni Loisi. Wifi akatuma kutoka Massachusetts, mama ni Louise. Kwa karatasi, marehemu Guka, mzee wa kanisa, alikuwa na mtoto mmoja mmoja kwa wake watatu, na mke wa nne, Roice, hakuwa na mtoto hata mmoja. Shemeji alianza kuuliza kuhusu urithi kwa mzaha ambao haukumchekesha mtu.

Ugonjwa huu una tiba, nayo inatolewa na wakili aliye kamishna wa viapo. Unaandikiwa hati ya kiapo inayosema majina haya yote ni ya mtu mmoja, unaapa, inapigwa muhuri. Tukampandisha Shosho ngazi za jengo moja mjini Nyeri. Wakili, kijana mwenye tai, akamsomea kwa adabu.

"Niape nini?" akauliza Shosho.

"Kwamba Lois, Loise, Loisi, Louise, Rois na Roice ni mtu mmoja, mama, na mtu huyo ni wewe."

"Niape kwamba mimi ni mimi?"

Kijana yule hakujua anacheza na nini. Katika nyumba aliyokulia Shosho, kiapo lilikuwa neno lisilotamkwa mlango ukiwa wazi. Miaka ile ya hali ya hatari, kumlisha mtu kiapo cha Mau Mau kulikuwa kosa la kunyongwa, na kukivunja kulikuwa na malipo yake msituni. Shosho alikaa kimya, akatazama chini ya meza, akatazama nyuma ya mlango.

"Mbuzi yuko wapi?"

"Hakuna mbuzi, mama. Kuna muhuri."

Aliapa, lakini njia nzima alisema kiapo kisicho na mbuzi hakitafika mbali.

Nafasi ya mapema ya alama za vidole ilipatikana Embu. Tuliondoka alfajiri kupitia Karatina, Kerugoya na Kutus, Shosho akikagua mahindi ya watu dirishani na kuyakosoa. Huko Embu kila karatasi ilikubaliwa, ikiwemo ya muhuri, ila mashine ndiyo iliyokataa. Vidole vilivyochuma majani chai tangu ujana havina tena mistari. Afisa alimwomba apanguse, kisha apanguse tena. Shosho akafungua mkoba, akatoa kopo la mafuta ya kukamulia, akajipaka kama anayekwenda zizini, akabonyeza. Mashine ikamtambua.

Pasipoti ilitoka, nayo ni ya miaka kumi. Shosho aliposikia hivyo alisema basi hakuna haraka, kwanza apokee bonasi ya Oktoba. Wifi alilia kwa simu. Viza bado haijaombwa, na tayari Shosho ameuliza kama Wamarekani nao wanaapisha bila mbuzi.

Kwa sasa ana kazi nyingine. Wanawake wa chama chake, ambao watoto wao wako Boston na Dubai, wanakuja jioni kumuuliza wanaanzia wapi. Anawajibu akiwa ameketi kwenye kiti cha Guka. Anza na kadi ya ubatizo. Soma kitambulisho chako chote, si namba tu. Kusanya vyeti vya watoto kabla hujaenda kwa wakili, uape mara moja kwa wote. Beba mafuta. Usikubali kuzaliwa Januari. Kila mmoja huacha kilo ya sukari. Mume wangu, ambaye bado ni mwana wa Rois, alimuuliza kama na sisi wa nyumbani tutatozwa. Shosho akasema wa nyumbani ndio wenye kesi ngumu, walete kilo mbili.