Ngozi Haijui Tiketi

Nauza vyombo vya plastiki Mlandege. Ndoo, mabeseni, makopo, majagi, mabirika ya kutilia udhu. Ubao wa duka unasema hivyo kwa herufi kubwa, na chini yake pana picha ya ndoo kwa asiyejua kusoma. Lakini Mungu kanijaalia jirani anayepaka hina na kupiga piko. Mlango wake umegusana na wangu. Yeye akishamaliza kazi hukaa ndani chini ya feni, mimi nabaki barazani na jua langu. Kwa hivyo mgeni akitoka kwake, mikono imejaa maua mpaka viwikoni, mtu wa kwanza kumuona ni mimi, na swali la kwanza linanijia mimi: "Naweza kuogelea lini?"

Haulizi bei ya ndoo. Haulizi njia ya kurudi Darajani. Anauliza kuogelea.

Na Mlandege yenyewe haina pwani. Zamani jirani hapa kulikuwa na hori likiitwa Pwani Ndogo, likitenga Mji Mkongwe na Ng'ambo, na daraja lililolivuka ndilo lililoiachia Darajani jina lake. Waingereza wakalifukia kipande kwa kipande mpaka likaisha katika miaka ya 1950. Maji yakaondoka, yakaja maduka, nami nikadhani masuala ya maji yameondoka na maji yake. Wapi! Mwaka 2024 wageni walioingia Zanzibar walipindukia laki saba, na kwa ninavyoona barazani kwangu, nusu yao wameelekezwa hapa.

Sasa, kwa kuwa kazi hii nimepewa bila ya mshahara, naomba niifanye mara moja kwa wote, ili kesho nipumzike.

Mwenye hina tupu hana kesi kubwa. Hina ni jani la mhina, limekaushwa, limesagwa, limekorogwa na ndimu. Linapakwa, linaachwa masaa, likishabanduka chini yake panakuwa rangi ya chungwa. Hapo ndipo mgeni anaponijia na uso umemkunjika, anasema katapeliwa, aliahidiwa nyekundu ya kuiva. Mama, subiri. Rangi inaiva yenyewe, kesho au keshokutwa. Adui yake ni maji ya masaa yale ya mwanzo. Ukiyapisha siku moja, kisha ukajipaka mafuta ya nazi kabla ya kuingia baharini, utarudi kwenu bado una maua yako. Chumvi na mchanga vitayafifisha kidogo kidogo, lakini hayo ndiyo maisha ya hina, haikuumbwa kudumu.

Biharusi wa hapa hajawahi kuniuliza swali hili hata siku moja, na nimewaona wengi wakipita. Yeye anapakwa baada ya Isha, analala na hina yake imefungwa vizuri, Alfajiri anaibandua na kutia udhu. Udongo ule wa hina ndio unaozuia maji yasifike kwenye ngozi, rangi haizuii kitu. Bibi zetu walishalimaliza suala zima kwa ratiba ya swala, wala hawakumsumbua muuza ndoo. Na somo wake, yaani kungwi, yupo pembeni: biharusi akinyanyua hata kikombe cha chai, anapigwa kofi la mkono. Mgeni hana somo. Mgeni ana boti ya kwenda fungu la mchanga la Nakupenda inayoondoka saa tatu asubuhi, na hina kapaka saa mbili.

Kundi la pili ni la piko, na hapa mimi na jirani yangu hatuelewani tangu apange mlango wa jirani.

Piko ni nyeusi, inakauka upesi, haihitaji kulala nayo. Mgeni anaipenda kwa sababu hana muda, na mwanamke wa mjini anaipenda kwa sababu inakoza ukingo wa ua la hina mpaka likaonekana toka upande wa pili wa ukumbi wa harusi. Ukiniuliza kuhusu kuogelea, jibu ni jepesi: ikishakauka na kuoshwa, nenda zako baharini, haitoki leo. Na hilo ndilo linalonikera. Watu wanaulizia bahari, na bahari haimo kabisa katika kesi hii.

Piko ni rangi ya nywele. Kilichomo ndani yake kinaitwa parafenilinidiamini, na wataalamu kwa kuonea ndimi zetu huruma wanaifupisha PPD. Rangi hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya nywele, ambazo hazina uhai wala hazilalamiki. Boksi lenyewe huwa linakwambia uvae glavu, ujaribu kitone nyuma ya sikio, usubiri siku mbili. Ulaya sheria inaruhusu PPD isiyozidi asilimia 2 katika rangi ya nywele inayopakwa kichwani, na kwa kuchora ngozi imekatazwa moja kwa moja. Sisi tunaipaka mkononi, mguuni, mgongoni, na watoto wa wageni tunawachorea pomboo kwenye mkono.

Wengi hawapati kitu, na ndiyo maana jirani yangu ananishinda kwenye mabishano. "Mzee mwenzangu," ananiambia, "mie napiga piko tangu hujafungua hilo duka, nani kafa?" Hakuna aliyekufa. Lakini yule ambaye mwili wake umeikataa, ngozi huwasha, kisha huvimba, kisha hutoka malengelenge, na malengelenge yanafuata mchoro: ua lilelile, jani lilelile, sasa limesimama. Huweza kutokea baada ya siku moja au mbili kwa aliyewahi kukutana na dawa hiyo, na kwa mgeni wa dawa huweza kuchukua hata wiki mbili. Yaani mwenye ua yuko kwao kwenye baridi, na aliyempiga piko yuko hapa anamsifia mteja mwengine mikono. Na mwili ukishaikataa hausahau. Siku ya kutaka kuficha mvi, kichwa kizima kitakumbuka likizo ya Zanzibar.

Mwenyewe atakwambia kaunguzwa na nini? Na maji ya bahari! "Nilikuwa sawa mpaka nilipoingia Nungwi." Bahari ya watu imelala zake, inapanda na kushuka tangu enzi, leo inashtakiwa kwa kosa la kopo la rangi ya nywele. Basi akija kwangu mwenye piko, swali lake nalitupa nampa langu: ngozi inawasha? Ikiwasha, osha kwa maji mengi na sabuni sasa hivi, kisha mfuate daktari. Wakati ujao omba hina tupu, na ukiambiwa ipo hina nyeusi, jua hakuna mhina unaozaa jani la rangi hiyo.

Hapo huwa anadakia mwenzangu wa baraza, mstaafu wa bandarini, ambaye hajawahi kukosa rai. "Kidonda chochote, maji ya chumvi dawa." Yakhe, maji ya chumvi gani? Ya kuchemshwa jikoni ukatia chumvi kwa kijiko, au yale ya mbele ya Mji Mkongwe, ambamo mabomba ya maji machafu ya mji yanakwenda kumalizikia? Ananyamaza, anakunywa kahawa, na mgeni wa baadaye atamwambia vilevile.

Maana sasa tumefika kwenye kidonda chenyewe. Kundi la tatu ni la sindano. Hawa hawatoki kwa jirani, wanapita tu njia, lakini wakiona mtu anaelezea wenziwe nao husimama. Kijana wa kizungu, mguu umefungwa plastiki ile ya kufunikia chakula, chini yake tatuu mbichi, inang'aa, imevimba. Kachorwa kwao siku mbili kabla ya safari, apendeze ufukweni.

Dini yetu ina lake la kusema juu ya jambo hilo, na masheikh wameshalisema, mimi siongezi. Nasema la ngozi tu. Sindano imepita ngozi ya juu ikaenda kuweka wino kwenye ya ndani, si mara moja, mara elfu na elfu. Hicho ni kidonda, hata kama umekilipia na kina picha ya simba. Madaktari wa ngozi wanataka wiki mbili mpaka nne kabla hujajitumbukiza: magamba yatoke yenyewe, pasiwe na mahali palipo wazi, pasiwashe, pasing'ae. Likizo ni wiki moja. Ngozi haijui tiketi. Haijui kama chumba kimelipiwa kinatizama bahari.

Yule kijana akafikiri sana. Kisha akaniuliza: "Na nikiingia mpaka kiunoni tu?"

Tatuu iko kwenye kifundo cha mguu. Nikakitizama kifundo, nikakitizama kiuno, nikamtizama yeye. Nikaomba subira kwa Mola.

"Na hii plastiki?" Plastiki itaingiza maji kisha itayafungia ndani yapate joto, na wadudu wanapenda joto. Mwaka 2017 jarida la madaktari la Uingereza, BMJ Case Reports, lilieleza kisa cha mtu wa miaka 31, Marekani, aliyechorwa tatuu mguuni na siku tano baadaye akaogelea Ghuba ya Mexico. Akaingiwa na bakteria wa bahari za joto, Vibrio vulnificus, na mwisho akafariki. Alikuwa na maradhi ya ini, na hiyo ndiyo sababu yalimwelemea, sisemi kila atakayelowa atakufa. Nasema bahari ya joto tunayo, na ini la mtu halionekani kwa nje. Basi akauliza habari ya bwawa la hoteli. Bwawa lina klorini inayochoma kidonda, na lina watu. Akauliza jua. Jua nalo hapana, na krimu ya jua haipakwi juu ya kidonda, jifunike nguo nyepesi. Akaniuliza sasa kaja kufanya nini Zanzibar. Nikamwambia swali hilo amuulize yule aliyemuuzia tiketi, mimi nauza plastiki.

"Hata kuoga?" Hapo moyo wangu ukachangamka, maana kwa mara ya kwanza mazungumzo yanakuja upande wa biashara. Kuoga ruhusa! Maji safi ya kumwagia, kopo kwa kopo, sabuni isiyo na manukato, kisha unajigusagusa kwa kitambaa safi bila ya kusugua. Kinachokatazwa ni kuloweka. Nikamuonyesha ndoo ya lita kumi na kopo lake, rangi tatu. Akanishukuru kwa mikono miwili. Akaniambia hotelini kuna shawa.

Tangu Oktoba 2024 mgeni kutoka nje ya nchi anakata bima ya dola 44 akiingia Zanzibar. Sina ugomvi nayo. Nauliza tu, fungu la ushauri wa barazani limo?

Msije mkadhani ni wageni peke yao. Januari 13, 2024, Uwanja wa Amaan, Mlandege 1, Simba 0. Kombe la Mapinduzi, mara ya pili mfululizo, mwaka wa nyuma wake tulimfunga Singida Big Stars. Mtaa haukulala. Mimi mwenyewe niligonga mabeseni yangu ya kuuza mpaka moja likapasuka. Mtoto wa ndugu yangu furaha ikamzidi kimo: akapanda boti kwenda Dar, akarudi na jina la timu limeandikwa begani, kwa sindano, herufi kubwa.

Akanijia baada ya Isha, sauti ya chini. "Ami, mtu akichorwa tatuu, anaogelea lini?"

"Mtu gani?"

"Mtu tu."

Huyu ni katika wale vijana wa Forodhani wanaokimbia na kujirusha baharini toka ukutani jioni, wakipindua miguu hewani, wageni wanapiga picha. Nikampa yote: magamba, bakteria, mabomba, yule maskini wa Ghuba ya Mexico. "Wiki nne, Ami? Kaskazi yote hii?" Nikaona hayajamuingia hata moja. Usoni mwake nikaisoma Forodhani ya kesho.

Nikamuuliza jambo jengine: anajirusha na shati au bila ya shati?

Bila.

Na mamaako akipata habari kabla ya Magharibi atakufanya nini?

Akakaa kimya, kisha akakifunga kifungo cha juu kabisa. Bakteria aliyeua mtu Marekani hakumtisha. Shemeji yangu, kilo hamsini na mtandio wake, kamtisha. Wiki nne zikapita, bega likapona likawa safi, na bado hajakwenda Forodhani, kwa sababu ngozi imepona lakini mama hajahama.

Juzi shemeji kapita dukani, kasimama, kanitilia dua. "Shemeji, Mungu akulipe. Kijana kaacha kujirusha, kaacha kutembea kifua wazi, hata nyumbani joto lote hili havui shati la mikono. Kaingia haya. Umemwambia maneno gani?"

"Nimempa nasaha tu."

Nasaha ikatembea mtaa mzima. Jana kaja mama wa nyumba ya tatu, kamkokota kijana wake: naye namtaka awe hivyohivyo, Ami yake, mkalishe umuusie. Akatuacha wawili barazani. Nikamtizama kijana. Shati la mikono mirefu, kifungo cha juu kimefungwa, saa saba za mchana, Februari.

"Lini?" nikamuuliza.

"Jumamosi, Ami."

"Basi anza kuhesabu."