Sifa Zimwendee Mpostaji wa Gesima

Kila Oktoba 20 Kenya huwaenzi mashujaa wake, na kila mwaka kuna mmoja anayesahaulika. Hakupigania uhuru, hajawahi kushinda mbio, wala hajagombea hata kiti cha wadi. Kazi yake ni kuposti. Anaamka Gesima, katika eneo bunge la Kitutu Masaba, Kaunti ya Nyamira, na kabla hajanawa uso dunia imeshaarifiwa kwamba ameamka. Majirani wanamwita mpenda kuonekana. Nyumbani anaambiwa angeioa hiyo simu. Kanisani husemwa kwa mafumbo, na waumini wote hugeuka kumtazama. Mtu wa namna hii yupo katika kila kijiji cha Afrika Mashariki, na hakuna aliyewahi kumwandikia sifa anazostahili.

Sifa ya kwanza ni bidii. Sisi wengine huishi siku mara moja tukaridhika. Yeye huiishi mara sita. Mtazame alfajiri shambani, kikapu mgongoni, umande umemlowesha suruali hadi magotini. Anachuma majani mawili na chipukizi, kama viwanda vya chai vya KTDA vinavyotaka, kisha anasimama na kutoa simu kwenye mfuko wa plastiki unaoikinga na maji. Picha ya vidole na chipukizi inakwenda kwanza kwenye status ya WhatsApp, ikiwa na neno moja tu, “Bwakire”, maana huko kuna shangazi, fundi wa cherehani na mwalimu mkuu mstaafu, na hao salamu inawatosha. Ikifika Facebook, picha ileile inapata aya nzima juu ya neema za Mungu na bei ya mbolea. Kwenye Instagram inapunguzwa kingo na kukolezwa rangi mpaka majani ya Gesima yanang’aa kuliko yale ya kwenye pakiti. TikTok haitaki picha iliyotulia. Simu inaegemezwa kwenye mche wa chai, mchumaji anacheza hatua tatu kati ya mistari, mbwa anapita nyuma yake, anaanza upya. Kwenye X, mtu huyohuyo aliyekuwa akimshukuru Mungu sasa anamfokea waziri wa kilimo. YouTube inasubiri usiku, bando ikiwa rahisi, ndipo ipandishwe video ndefu yenye muziki wa kinanda.

Jua limeshapanda. Kikapu hakijafika nusu.

Wenye roho mbaya husema huo ni uvivu. Lakini mvivu gani anayekumbuka nywila sita, na kujua kwamba kicheko kinachopendwa TikTok kitamwudhi mzee wa kanisa Facebook? Kampuni zenyewe hazina ubunifu wa kiasi hicho. Zimekuwa zikiigana tu. Hadithi za kufutika baada ya saa 24 zilianza Snapchat mwaka 2013, Instagram ikazichukua Agosti 2016, WhatsApp ikafuata Februari 2017. Mpostaji wa Gesima hakuuliza nani kamwiga nani. Alizipokea zote kwa upendo ule ule, akazilisha zote, na hakuna hata moja iliyomlipa mshahara.

Sifa ya pili ni mchango wake katika elimu. Zamani kuandika maisha ya watu wa kawaida kulikuwa kazi ya taabu. Mtoro bin Mwinyi Bakari, msomi aliyetoka upande wa Bagamoyo, alieleza namna Waswahili wanavyozaa, wanavyooana, wanavyocheza ngoma na wanavyozikana, na maandishi hayo yakaonekana mwaka 1903 katika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotolewa Ujerumani chini ya usimamizi wa Carl Velten. Huku Gusii, nchi ya Wakisii, Wamarekani Robert na Barbara LeVine walifika katikati ya miaka ya 1950, wakakaa na familia, wakatazama watoto wanavyolishwa, wanavyotumwa na wanavyochapwa. Kitabu chao, Nyansongo, kilitoka mwaka 1966. Miaka kumi hivi ilipita tangu mtoto alie mpaka kilio chake kisomwe! Leo mtoto wa Gesima akilia saa mbili asubuhi, saa mbili na dakika moja kilio kiko hewani, na kabla ya saa nne wageni wa Manila wamekwisha kumshauri mama yake kuhusu gesi tumboni. LeVine na mkewe walilazimika kuomba ruhusa, kujifunza lugha na kuonja kila walichopewa. Mpostaji amezifuta gharama hizo zote, hasa ile ya kuomba ruhusa.

Wingi wa kazi yake umewashinda hata walinzi wakubwa wa kumbukumbu duniani. Mwaka 2010 Maktaba ya Bunge la Marekani ilitangaza kwamba ingehifadhi kila ujumbe wa wazi uliowahi kuandikwa Twitter. Kufikia mwisho wa 2017 ikainua mikono: kuanzia Januari 1, 2018 ingechagua tu yale ya maana. Taasisi tajiri namna ile ilichoka. Mpostaji wetu, mwenye simu iliyopasuka kioo na chaji ya asilimia tisa, hajachoka.

Tatu, ni mlinzi. Ushahidi upo, na haukutoka kwa mtu wa mzaha. Marehemu Francis Kariuki, chifu wa Lanet Umoja karibu na Nakuru, alijulikana duniani mwaka 2012 kwa kuiendesha lokesheni yake kupitia Twitter. Usiku mmoja alipigiwa simu kwamba wezi wamevamia nyumba ya mwalimu. Akatuma ujumbe, wananchi wakatoka, wezi wakatimua mbio. Aliwahi hata kutangaza kondoo aliyepotea. Wasio na simu za intaneti walipata ujumbe kwa njia ya SMS, na wengine wakasimuliwa na wenzao.

Mpostaji wa Gesima ameiendeleza huduma hiyo kwa kuondoa ubaguzi. Chifu aliwaarifu wananchi peke yao. Yeye huwaarifu wezi pia. Akienda soko la Keroka, mji ambao kaunti za Kisii na Nyamira zimeuvutania kwa miaka juu ya nani atoze ushuru, anaposti akiwa kwenye matatu, anaposti akishuka, anaposti akipima viatu. Yeyote anayetaka kujua kama nyumba iko wazi, mbwa amefungwa upande gani na televisheni mpya ina inchi ngapi, hana haja ya kupeleleza. Mambo yote yamewekwa hadharani, yakiwa na ramani.

Nne, ukarimu. Bonasi kubwa ya chai hulipwa mara moja kwa mwaka, na mkulima wa zamani alipoipokea alikunja uso, akaenda benki kama mtu anayekwenda kumwona mgonjwa, akarudi na sukari na misumari. Ukoo haukujua kitu. Mpostaji huonyesha ujumbe wa benki, labda akificha tarakimu mbili za mwisho kwa kidole. Kabla ya chakula cha mchana amepokea salamu kutoka kwa binamu aliyemdhani kahamia Tanzania, maombi ya karo za watoto watatu asiowafahamu na ya mchango wa paa la kanisa, na swali la upole kutoka kwa mwenye duka kuhusu ule unga wa Machi. Jioni bonasi imekwisha. Ni sera gani ya serikali iliyowahi kugawa mapato ya kilimo kwa haraka namna hiyo?

Hapo pana jambo ambalo hata wanaomcheka hawalikatai. Katika vituo vingi vya kununulia majani sasa hutumika mizani ya kielektroniki, na karani humpa mkulima risiti. Risiti ni kipande chembamba cha karatasi ambacho wino wake hufifia upesi. Kikikaa mfuko wa shati wiki moja katika mvua za Nyamira, hakisomeki. Mpostaji huipiga picha papo hapo kwa sababu hupiga picha kila kitu, tangu kiatu hadi uji. Kilo zinaonekana, tarehe inaonekana. Bonasi ya viwanda vya magharibi ya Bonde la Ufa inapotoka ikiwa chini sana ya ile ya mashariki, mkulima wa Gesima huijua siku hiyohiyo, kwa kuwa mpostaji mwenzake wa Kirinyaga naye hakuweza kunyamaza.

Tano, wafu wanamshukuru, au angalau wafiwa walio mbali. Mwaka 2020, corona ilipoingia, serikali iliamuru mazishi yahudhuriwe na watu wasiozidi 15. Kwa Gusii, ambako matanga bila umati ni kama kumwibia marehemu, hilo lilikuwa pigo. Ndipo aliyekuwa akizomewa kwa kuinua simu kaburini alipoombwa aiinue zaidi. Marufuku yaliondoka, mazoea yakabaki. Leo kuna kijana na stendi ya kamera kando ya udongo mwekundu, na kuna mjomba anayemsukuma kila dakika mbili ili yeye ndiye aonekane. Minnesota, ambako Wakisii wamejaa katika vitongoji vya Minneapolis, jeneza likishuka saa sita mchana kule ni saa tisa au saa kumi usiku. Binti aliyetoka zamu ya kuwahudumia wazee anakaa kitandani na sare yake, anatazama kaburi la mama likijazwa. Chini ya video hiyo mtu asiyejulikana ameandika kwamba anauza viatu.

Sita, sanaa. Gusii imeupa ulimwengu mawe ya sabuni ya Tabaka, ikaupa pia Embarambamba, mwimbaji aliyepata umaarufu mtandaoni kwa kujigaragaza matopeni, kuning’inia mitini na kuwakurupusha ng’ombe huku akiimba. Machi 2024 Bodi ya Kuainisha Filamu Kenya ilimwamuru aondoe baadhi ya video zake. Matangazo ya bure kutoka kwa serikali si kila msanii huyapata.

Na siasa je? Ripoti ya Reuters Institute ya 2023 iliiweka Kenya mbele ya nchi zote ilizochunguza kwa matumizi ya TikTok. Mwezi Agosti mwaka huohuo ombi la kuipiga marufuku likafika Bungeni, likidai inaharibu maadili. Miezi kumi na moja haijatimia, vijana walewale wa kucheza mbele ya kamera wakawa wanaeleza Mswada wa Fedha wa 2024 kifungu kwa kifungu, kwa Kiswahili, Sheng na lugha za mama, na Julai 5 Rais mwenyewe akaingia X Space kujibu maswali yao. Waheshimiwa waliozoea kumsikia mwananchi mara moja kila miaka mitano walipata taabu kidogo.

Sifa ya mwisho ni kwamba anaijazia serikali hazina. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kwa kawaida inataka mtu aridhie kabla picha yake haijatumiwa. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitangaza faini ya shilingi 1,850,000 kwa Casa Vera Lounge ya Nairobi, kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake, na shilingi 4,550,000 kwa Roma School ya Uthiru, kwa picha za wanafunzi ambazo wazazi hawakuziridhia. Mbili hizo ni zaidi ya shilingi milioni sita. Kwa kasi ya mpostaji wa Gesima, aliyekwisha kumrusha hewani mtoto wa jirani akiogeshwa, mlevi wa kijiji akilala mtaroni na mama mkwe akikoroma, kaunti nzima ingeweza kutiwa lami kwa faini zake peke yake. Bahati mbaya kwa barabara ya Gesima, jirani bado anaona haya kumshtaki mtu wa ukoo.

Basi msomaji, ukipita huko ukamkuta ameinua simu, usimtukane. Msalimie, rekebisha kola, muulize picha inakwenda wapi; atakutajia mitandao yote sita kwa fahari. Ikiwa hutaki kuonekana, mwambie aifute mbele yako, katika yote sita, na mtoto wako asipigwe picha bila wewe kukubali. Akikataa, Ofisi ya Kamishna hupokea malalamiko. Fomu yake iko mtandaoni.