Wiki ya Mihuri

Jumatatu

Niliamka kabla ya adhana ili niwahi Lindi mjini. Kutoka Sudi mpaka barabara kuu ya Lindi–Mtwara usafiri ni bodaboda, na bodaboda wa alfajiri alikuwa ameshachukuliwa kupeleka madumu ya mafuta kwenye mashua. Nikakaa chini ya mwembe na bahasha yangu mapajani. Nilipofika barabarani, kosta ya kwanza ilikuwa imeshapita. Ya pili ilisimama, konda akachungulia ndani, akanitazama, akagonga bodi, ikaondoka. Ya tatu nilisimama mpaka mjini.

Tangazo lenyewe ni la kampuni binafsi. Wanataka msaidizi wa hesabu. Sifa ya kwanza ni cheti cha uhasibu, na ninacho: astashahada ya awali, ngazi ya nne. Sifa ya pili ni uzoefu usiopungua miaka miwili. Maombi yafike kabla ya Ijumaa saa kumi jioni. Nafasi ya kuanzia inayotaka mtu aliyekwisha kuanza ni dhuluma ndogo, lakini ni dhuluma.

Steshenari kulikuwa na foleni mpaka barazani. Mbele yangu walikuwa wanafunzi wa kidato cha nne wakitoa kopi za mitihani ya miaka ya nyuma, maana wao nao mtihani wao ni Novemba. Zamu yangu ilipofika, umeme ukakatika. Dada wa steshenari alisema utarudi sasa hivi. Ulirudi baada ya sala ya adhuhuri.

Jumanne

Leo ilikuwa zamu ya wakili. Nakala za vyeti lazima zithibitishwe kwa muhuri wa mwanasheria, na wakili alikuwa mahakamani. Karani wake alinionyesha benchi. Tulikaa watu wengi pale: mwenye kesi ya shamba la mikorosho, mama anayefuatilia mirathi, kijana wa bodaboda aliyegongwa. Kila mlango ulipolia tuliinua vichwa.

Nilikuwa na vitabu vyangu, kwa hiyo sikuacha muda upotee. Ninajiandaa na mtihani wa ATEC, cheti cha fundi wa uhasibu kinachotolewa na NBAA, Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu iliyoundwa kwa sheria ya 1972. Kina ngazi mbili, na juu yake ndiyo safari ya kuelekea CPA. Watu wa kwetu wakisikia uhasibu wanafikiria CPA peke yake, kama vile nyumba inaanzia kwenye bati. Hesabu za nchi hii zinaanzia kwa watu wa ngazi yangu, wanaojaza daftari la fedha na kulinganisha salio lake na taarifa ya benki. Wakikosea hao, hata CPA atasaini kitu kisicho sahihi.

Wakili alikuja alasiri. Alichukua cheti cha kuzaliwa na nakala ya kitambulisho cha Taifa, akavilaza sambamba mezani, akaweka kidole juu ya jina la babu yangu. Kwenye kimoja ni Saidi, kwenye kingine ni Said. Inatakiwa hati ya kiapo kueleza kwamba hao ni mtu mmoja. Hati ya kiapo ina ada yake. Nililipa kwa nauli ya kesho.

Jumatano

Mjomba alinikopesha nauli, nikaenda Mtwara kuonana na mwenye duka la jumla aliyesikia natafuta kazi. "Shikamoo mzee." "Marahaba, kijana. Wewe ndiye mhasibu?" Nilisema ndiyo. Akanikabidhi ufagio kwanza, kwa sababu mzigo wa unga ulikuwa umepasuka mlangoni. Nikafagia.

Kisha akanitolea daftari la madeni. Hapa nilikaa muda mrefu, na ninaandika kwa kirefu kwa sababu kazi yenyewe ilikuwa hapa. Ni daftari la shule, la kurasa nyingi, jalada limefungwa kwa selotepu. Wadaiwa wameandikwa kwa majina ya mtaani: Mama Zuhura wa kona, Fundi Mrefu, Mwalimu wa Mikindani. Anayelipa kidogo anapigiwa mstari nusu. Anayemaliza anakatwa kabisa. Fundi Mrefu ana mistari nusu mitatu, na hakuna hata mmoja wenye kiasi wala tarehe. Hakuna atakayejua leo Fundi Mrefu anadaiwa nini, isipokuwa Fundi Mrefu.

Mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, ipo, na ripoti ya Z, yaani jumla ya mauzo ya siku, inatolewa kila jioni. Mashine hizi zilianza kutumika nchini mwaka 2010, na wafanyabiashara wengi wanaziona ni za serikali, kumbe ripoti ile ya jioni ni hesabu ya bure kwa mwenye duka. Ukiilinganisha na fedha iliyomo kwenye droo pamoja na mikopo ya siku, unajua mara moja kama kuna kitu kimetoka. Nilimweleza. Wakati namweleza, mwanawe aliingia akaomba hela ya shule. Mzee akafungua droo, akahesabu, akampa, akafunga. Hakuandika popote.

Nikamwambia kwa heshima kwamba duka ni mtu mmoja na yeye ni mtu mwingine, na kila anachochukua duka linamdai. Hilo ni somo la wiki ya kwanza chuoni, na ninaamini kutolifuata ndiko kulikoua maduka mengi ya pwani hii kuliko ushuru. Mzee alinisikiliza vizuri. Akasema nina akili, na akaniuliza kama naweza kupanga viroba mpaka juu. Mshahara tutaongea nikishazoea. Atanipigia.

Alhamisi

Nilibaki Sudi. Alhamisi ni siku ya kikundi cha hisa cha kina mama, na mimi ndiye ninayewaandikia vitabu tangu nilipomaliza chuo. Sanduku ni la bati, lina kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa watu watatu tofauti ambao hawamo kwenye uongozi. Funguo mbili zilifika. Ya tatu ilikuwa miambani na mwenyewe, kwa sababu maji ni ya bamvua na kwenye bamvua watu wanachokoa pweza. Hakuna wa kumlaumu. Pweza hawasubiri kikao.

Tulikaa mkekani mpaka maji yalipojaa. Alikuja amelowa mpaka kiunoni, ndoo kichwani, ufunguo umefungwa kwenye pindo la kanga. Alitozwa faini ya kuchelewa, akalipa bila neno. Ndipo kikao kikafunguliwa.

Natamani wanaoandika matangazo ya kazi wangekaa kwenye mkeka ule hata mara moja. Kila mwanachama anaitwa kwa namba yake. Ananunua hisa kuanzia moja hadi tano, kila hisa inagongwa muhuri kwenye kitabu chake mbele ya macho ya wote, na nafasi isiyonunuliwa inakatwa kwa mstari ili asije mtu akagonga baadaye. Mwisho wa kikao fedha ya mikopo inahesabiwa kwa sauti, na wanachama wote wanakariri salio. Kikao kinachofuata kinaanza kwa kuwauliza: lilikuwa ngapi? Hata bibi asiyejua kusoma anajibu. Kampuni kubwa zinalipa wakaguzi kutafuta udhibiti wa namna hiyo.

Leo salio lililokaririwa na lililomo sandukuni yalitofautiana kwa shilingi elfu mbili. Minong'ono ikaanza. Niliomba utulivu, nikarudia marejesho ya kikao kilichopita jina kwa jina, na kwenye jina la nane nikaiona: rejesho limeandikwa kwenye mkopo, lakini noti imetumbukizwa kwenye mfuko wa jamii, ambao unakaa peke yake. Mfuko ulifunguliwa, ukazidi kwa elfu mbili ile ile. Mwenyekiti akanitazama. "Mwanangu, wewe kazi unayo, ila hawajui." Nilifurahi sana kusikia hivyo.

Nimewaandikia mwaka mzima kwa kikombe cha uji na shukrani. Kwenye fomu ya maombi, mstari wa uzoefu, hii haina pa kuingia.

Ijumaa

Siku ya mwisho ya maombi. Asubuhi nilikwenda kwa mtendaji kuchukua barua ya utambulisho. Mtendaji alikuwa kwenye mkutano wa kata. Alirudi saa nne, mkarimu, akaandika barua nzuri kwa mkono wake. Muhuri ulikuwepo. Wino ulikuwa umekauka. Tulitafuta wino kwa mwalimu mkuu, kwa zahanati, na mwisho kwa mwenye duka la rejareja. Ulipopatikana, watu walikuwa wanaelekea msikitini. Nami nikaelekea.

Baada ya sala nilituma maombi kwa simu, kutoka chini ya mnazi ambao mtandao unashika. Barua, wasifu, vyeti vyenye muhuri wa wakili, kiapo cha Saidi na Said, barua ya mtendaji. Vyote viliskaniwa kwa simu katika faili moja, na faili likakataliwa kwa uzito. Nikaligawa. Nusu ya kwanza ilikwenda saa tisa na robo. Nusu ya pili ilizunguka mpaka saa kumi na dakika tatu. Jibu lilikuja papo hapo, limeandikwa na mashine, kwamba muda wa kupokea umekwisha.

Wala sitegemei mlango mmoja. Nafasi za serikali zinatangazwa na Sekretarieti ya Ajira, na masharti yake nimeyakariri: umri usiozidi miaka 45, wadhamini watatu, na hati za matokeo hazikubaliwi, kinatakiwa cheti chenyewe. Vyote hivyo ninavyo. Bado kutangazwa nafasi ya cheti.

Jumamosi

Msimu wa korosho umeanza na chama cha msingi kimefungua mizani. Nilipita tu kumsaidia mjomba kushusha magunia. Foleni ilifika mpaka kwenye mnada wa mitumba, na karani wa mizani ni mmoja. Anapima, anataja kilo, anaandika kitabu, anaandika stakabadhi ya mkulima, anafuta jasho, anaita mwingine. Hapo ndipo makosa yanapozaliwa.

Wasiolima korosho huenda hawajui inavyokwenda. Tangu msimu wa 2007/08 korosho zetu zinapita kwenye stakabadhi ghalani, kwa sheria ya 2005. Mkulima anapeleka chama cha msingi, chama kinapeleka ghala kuu, mnada unafanyika, fedha inaingia benki kwenye akaunti ya mkulima baada ya makato. Kati ya mizani ya kijijini na mizani ya ghala korosho zinakauka na kilo zinapungua. Ndio unyaufu. Kama vitabu vya chama havionyeshi kilo za kila siku na unyevu wake, hakuna anayeweza kusema ipi ni kilo iliyokaushwa na jua na ipi ni iliyochukuliwa na mtu. Mkulima akichoka kusubiri maelezo, anauza kwa kangomba, wanunuzi wasio rasmi, kwa bei ya kutupa. Nimeyaona hayo kwetu nyumbani, na ndiyo sababu nilisoma uhasibu.

Mzee mmoja alikuwa anabishana na katibu kuhusu stakabadhi ya juzi. Stakabadhi inasema kilo 412, kitabu cha chama kinasema 421. Katibu alikuwa amechoka, mzee alikuwa amekasirika. Niliomba kitabu. "Babu, ngoja kidogo nitazame." Nilijumlisha magunia yake moja moja nyuma ya bahasha yangu, ile ile iliyozunguka wiki nzima. Jumla ni 421. Karani alipinduza tarakimu kwenye stakabadhi. Tofauti inayogawanyika kwa tisa mara nyingi ni tarakimu zilizopinduka, tulifundishwa hivyo, na kwa mzee yule ilikuwa na thamani ya kilo tisa.

Katibu aliniuliza nimesoma wapi. Kisha akaniuliza kama nina shughuli msimu huu. Ni karani wa pili wa mizani, kwa posho, mpaka minada iishe. Si kazi ya kudumu na hakuna mkataba wa kurasa nyingi. Nilikubali kabla hajamaliza sentensi. Mjomba alibaki anashusha magunia peke yake.

Nimemwomba jambo moja: msimu ukiisha aniandikie barua yenye muhuri wa chama, itaje kazi zenyewe, si "alikuwa kibarua wetu". Itaje kupima, kutoa stakabadhi, kujaza leja ya wakulima, kulinganisha kilo zetu na za ghala. Mwenyekiti wa kikundi cha hisa naye ameahidi barua yake, ataweka dole gumba na muhuri wa hisa. Katibu alisema hana neno, ila yeye si mwandishi, niandae rasimu mwenyewe na yeye atasaini. Nimeianza usiku huu. Nimefika kwenye aya ya unyaufu, na Jumatatu natakiwa mizani saa moja asubuhi, nije na kalamu yangu.