Shangazi Kwenye Foleni ya Sufuri

Nyumba yetu ya Shella, Malindi, ni ya mawe ya matumbawe, kuta nene za enzi za babu. Kwa joto la Februari hakuna nyumba kama hiyo. Kwa Wi-Fi ni jela: ruta iko chumba cha ndani, na mawimbi yakishapenya kuta mbili hufika barazani yamebaki roho juu. Bahati mbaya, mambo yote mazito ya ukoo wetu huzungumzwa barazani.

Jioni hiyo tulikuwa tumeizunguka simu, shangazi yuko hewani kutoka London. Yeye ndiye tuliyemtuma kwa wakwe watarajiwa, ambao nao wanaishi huko. Tulitaka kujua jambo moja: mahari.

"Wanasema wanataka laki…" Kimya. "…na kitanda cha…" Kimya. "…ila mbuzi wa karamu wametusamehe."

Laki ngapi? Shangazi akarudia, na ile namba ikamezwa palepale. Ami akaguna ndevuni mwake, "Bibi huyu akifika penye maana ndipo anaponyamaza."

"Nimekusikia!" ikajibu London. Ndilo neno pekee lililotufikia zima jioni ile.

Mpwa wangu, anayesomea kompyuta Chuo Kikuu cha Pwani, akaona zamu yake imewadia. Alitueleza kwamba tangu 2005 kanuni za Wi-Fi zinapanga data katika foleni nne: sauti, video, mambo ya kawaida na yasiyo na haraka. Kila pakiti huwa na namba kati ya 0 na 7. Draiva, yaani programu inayoendesha redio ya kifaa, huisoma na kuchagua foleni. Wenye 6 na 7 huenda kwenye sauti, 4 na 5 kwenye video, 1 na 2 mkiani. Cha kuchekesha ni kwamba 0 humtangulia 1 na 2. Sufuri ni ya asiyesema lolote, naye huhesabiwa wa kawaida pamoja na 3. Mwenye 1 amejishusha mwenyewe. Kisha kabla ya kurusha, kila foleni hupiga bahati nasibu ya kungoja: kwa kawaida sauti huanza kwa kuchagua kati ya 0 na 3, mambo ya kawaida kati ya 0 na 15.

"Na hiyo namba anaitoa nani?" Ami akauliza.

"Programu yenyewe, babu."

"Basi hiyo ni feri ya Kilifi kabla ya daraja la 1991. Kila mwenye gari alikuwa na mgonjwa."

Sijasikia mhandisi akilieleza tatizo hilo vizuri zaidi. Kampuni nyingi za intaneti nazo zinawaza kama Ami: hazimwamini mgeni, kwa hiyo pakiti ikipita kwao mara nyingi hufutwa alama yake. Ndiyo maana maneno yetu yalitoka kwenye simu yakiwa na cheo cha sauti, draiva ikayapisha mbele, yakafika London na minong'ono yake yote. Ya shangazi yaliingia kwenye ruta yetu yakiwa na sufuri, yakapangwa nyuma ya gemu ya mpira ambayo kijana wa nyumba ya pili, tuliyempa nywila Idi iliyopita, alikuwa akiipakua. Shangazi mtu mzima, hajja, anangoja nyuma ya penalti.

Dawa ipo. Tangu 2016 Linux ina utaratibu wa kutenganisha mazungumzo ya kila mtu ndani ya foleni za Wi-Fi, ili mwenye pakiti chache asizamishwe na mwenye nyingi. Unataka draiva inayoukubali, na ruta yetu haimo.

Shangazi mwishowe aliandika ujumbe: laki tatu, kitanda cha mvule, na mbuzi wamerudi kwenye orodha. Hakueleza kwa nini, wala Ami hakuuliza.

Kwa hiyo wewe mwenye nyumba ya mawe na wakwe wa ng'ambo, jadilini mahari ndani, kando ya ruta. Badilisha nywila kwanza. Na wazee wenye midomo wapeni chai barazani.