Tondo Wenye Alama ya X

Ikolojia ya ubaoni ni somo la amani. Dokta anachora jua pembeni, anateremsha mshale hadi kwenye nyasi, nyasi zinaliwa na swala, swala analiwa na simba, na simba, kwa kuwa hana wa kumla, anasubiri kufa ili bakteria nao wapate riziki. Kila mmoja anajua nafasi yake. Hakuna mbuzi wa mtu anayekatiza katikati ya mchoro, hakuna mlinzi mwenye bustani ya mchicha, wala bibi mwenye ndoo. Hao huanza kujitokeza siku mnayoambiwa mchukue fremu na kamba mtoke nje.

Mwaka wa pili chuoni tulikuwa nje zaidi kuliko darasani. Dokta wetu aliamini kwamba mwanafunzi hajakijua kitu mpaka akishike kwa mikono yake, na ikibidi kimuume. Tulianza na fremu: mraba wa mita 1 kwa mita 1, uliotengenezwa kwa mabomba ya plastiki ya maji. Unaulaza chini, unahesabu kila mmea ulio ndani, unaandika, unahamia kwingine. Ugumu hauko kwenye kuhesabu, uko kwenye kuamua ulaze wapi. Zamani wanafunzi waliirusha fremu nyuma ya bega huku wamefumba macho, njia ambayo ni ya bahati nasibu kwa jina tu, maana fremu za wavulana zilikuwa na desturi ya kuangukia kivulini, karibu na walipokaa wasichana, na hakuna hata moja iliyowahi kuangukia penye upupu. Kwa hiyo Dokta akaleta jedwali la namba. Namba ikisema hatua 40 mashariki na 17 kaskazini, unakwenda, pawe na upupu pasiwe na upupu.

Namba ikatupeleka kwenye bustani ya mlinzi.

Kwenye ramani ya chuo eneo lile liliandikwa "msitu wa asili". Asili yenyewe ilikuwa imebaki kidogo, kwani mwarobaini, mti uliokuja kutoka Asia, ulishajitwalia sehemu kubwa, na chini yake hapakuota cha maana. Ila katikati, mahali ambapo jua linapiga vizuri na bomba la maji linavuja, mlinzi alikuwa amepanda mchicha, matembele, bamia, mnavu, kisamvu, na mlonge mmoja mchanga. Tukamwita Dokta tukitumaini atatuhamisha. Akasema namba ni namba. Tukalaza fremu juu ya mchicha, mlinzi akasimama kichwani petu na rungu lake, akihesabu pamoja nasi ili asije mtu akaondoka na jani.

Jioni tukapiga hesabu ya uanuwai kwa kipimo cha Shannon. Claude Shannon hakuwa mtu wa mimea hata kidogo. Alikuwa mtaalamu wa mawasiliano huko Marekani, na mwaka 1948 alikuwa akitafuta jinsi ya kupima kiasi cha habari kinachobebwa na ujumbe. Wanaikolojia wakakiazima kipimo chake na hawajakirudisha. Namba inapanda aina zikiwa nyingi na pasiwe na moja inayowatawala wenzake. Basi kwa mujibu wa Shannon, sehemu yenye uanuwai mkubwa kuliko zote katika msitu wa asili wa chuo chetu ilikuwa bustani ya mboga, iliyo kinyume cha sheria. Dokta alilitazama jedwali kwa muda, akavua miwani akaifuta, akasema tuandike kama tulivyoona. Nakala ya ripoti ile, nasikia, mlinzi aliiomba na kuitunza, kwa ajili ya siku atakayoitwa ofisini.

Maabarani nako hakukuwa na nafuu. Kuna kifaa kinachoitwa faneli ya Berlese, kutokana na Antonio Berlese, Mwitaliano aliyekibuni mwaka 1905. Unajaza faneli kwa udongo na majani yaliyooza, chini unatega chupa ya spiriti, juu unaweka joto. Udongo ukianza kukauka kutoka juu, wadudu wanakimbilia chini kwenye unyevu, wanateleza, wanaingia kwenye spiriti, na habari yao inaishia hapo. Berlese alitumia maji ya moto. Mswidi Albert Tullgren, mwaka 1918, akaweka taa ya umeme badala yake, na hivyo ndivyo vitabu vingi vinavyoelekeza mpaka leo.

Tulikusanya udongo chini ya mwembe, tukawasha taa, tukaenda kulala. Asubuhi chupani mlikuwa na sisimizi mmoja na mbu mmoja, na huyo mbu kwa dhahiri alitoka nje. Tukawasha tena usiku wa pili. Sisimizi hakupata hata mwenzake. Mmoja wetu alikwishaanza kuandika kwamba udongo wa mwembe hauna viumbe, huenda kwa sababu ya dawa za kuulia wadudu, na alikuwa amefika kwenye mapendekezo kwa serikali, pale mzee wa maabara alipopita na kikombe chake cha chai. Akaweka kiganja chini ya taa. Akakiacha hapo, akanywa chai.

"Hizi taa za siku hizi hazina joto, wanangu," akasema. "Mmewawashia wadudu taa wasome."

Ndivyo ilivyokuwa. Tullgren alitegemea taa ya waya unaowaka, ile iliyopoteza umeme mwingi kwa kutoa joto, na ununuzi wa chuo ulishahamia kwenye taa zinazobana matumizi. Za zamani tulizipata sokoni kwa wauza vifaranga, maana mfugaji wa kuku bado anazihitaji kwa sababu ileile aliyozihitaji Tullgren. Asubuhi iliyofuata chupa ilikuwa imejaa: utitiri wa kila namna, kolembola wanaoruka kwa mkia, tandu wembamba kama uzi, jongoo wachanga weupe. Wote hao kwenye viganja vichache vya udongo ambao kila siku tulikuwa tukiukanyaga kwenda kantini. Sikula embe kwa amani wiki ile.

Lakini mwalimu mkali kuliko wote alikuwa bahari. Ratiba ilisema: Jumanne, saa tatu asubuhi hadi saa nane, mazoezi ya nje, mikoko ya Mbweni. Aliyeipanga ratiba alikuwa ofisini, hakushauriana na mwezi. Kwenye pwani yetu maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Siku za bamvua, maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, na tofauti ya kujaa na kupwa huweza kuzidi mita 3. Wiki moja baadaye ni maji mafu, na saa hiyohiyo ya nne bahari imejaa. Matokeo yake, Jumanne moja tunatembea mikokoni hadi tunakotaka, na Jumanne inayofuata basi linatushusha ufukweni tukiwa na fremu mabegani, tunaitazama mikoko iliyosimama majini hadi kiunoni, nayo inatutazama. Mwenzetu aliyetoka Pemba alilijua hili tangu siku ratiba ilipobandikwa. Tulipomuuliza kwa nini alinyamaza, akasema aliona haya kumsahihisha mtu mzima.

Mimi nimezaliwa Singida. Maji ya chumvi ninayoyajua ni ya Ziwa Singidani, na yale yana adabu zake, hayaendi popote.

Siku moja ya bamvua tulikuwa tukipima jinsi mikoko inavyojipanga: mlilana mbele kabisa ukipokea mawimbi, nyuma yake mkoko wenyewe na mizizi yake iliyosimama kama magongo, kisha mkandaa, na kuelekea nchi kavu mchu. Tukakwama kwenye mti ambao nusu ya kundi walisema ni msinzi na nusu wakasema ni mkoko. Kwenye mashina ya mchu pale jirani huishi konokono wadogo, Cerithidea decollata. Maji yakipwa hushuka kula topeni, na hupanda shina tena kabla maji hayajafika. Nasema kabla, hawangoji waguswe. Kuna watafiti waliowafuatilia katika mikoko ya Mida, upande wa Kenya, wakitaka kujua wanajuaje. Sisi tuliwaona kwa macho yetu wakipanda. Yumo hata aliyeandika daftarini: "Konokono wanapanda." Kisha tukaendelea na mjadala wa msinzi.

Mjadala uliamuliwa na maji. Tulitoka mbio, au kwa kasi ile ambayo tope la mikoko linamruhusu mtu, na tope lile lina tabia ya kumwachia mguu lakini kiatu likakizuia. Linanuka yai viza, kwa sababu ya bakteria wanaoishi humo pasipo hewa. Ndala kadhaa za darasa letu ziko huko hadi leo.

Zoezi kubwa la muhula lilikuwa la tondo. Tondo ni konokono wa mikokoni, Terebralia palustris, mwenye gamba refu lililochongoka, na mkubwa hupita sentimita 10. Akishakua hula majani ya mikoko yaliyoanguka. Dokta alitaka tujue wako wangapi bila kuwahesabu wote. Njia yenyewe inabeba majina mawili: Johannes Petersen, Mdenishi aliyeshughulika na samaki mwishoni mwa karne ya 19, na Frederick Lincoln, Mmarekani aliyeitumia mwaka 1930 kwa bata wa porini waliovishwa pete miguuni. Unakamata, unatia alama, unaachia. Unarudi baadaye, unakamata tena, unaangalia wangapi wana alama. Ukiwa umetia alama 100, na katika 100 wa mara ya pili 20 wana alama, basi jumla yao ni kama 500. Masharti ni kwamba asizaliwe mtu, asife mtu, asiingie wala kutoka mtu, alama isifutike, na kila mmoja awe na nafasi sawa ya kukamatwa. Mjane wa eda ana uhuru zaidi.

Alama yetu ilikuwa rangi ya kucha, nyekundu, mchango wa mabinti wa bweni la pili. Nukta tulizoanza nazo zilionekana kama uchafu tu, kwa hiyo kiongozi wa kundi akaamuru kila tondo akaushwe kwa pindo la kanga na achorwe X. Tulichora 120, tukawaachia.

Bamvua lililofuata tulirudi, tukakamata 90. Mwenye X hakuwepo hata mmoja. Ukiingiza sifuri kwenye kanuni ya Petersen unagawanya kwa sifuri, na kikokotoo kinakataa. Yupo mtakwimu, Chapman, aliyelitazama jambo hili mwaka 1951 akaongeza moja hapa na moja pale ili hesabu isife. Tukatumia ya Chapman, ikatuambia kuna tondo 11,010. Nilipenda sana ile kumi ya mwisho. Kundi la jirani, ambao nao hawakupata kitu, walipika data wakatoka na 500 kamili. Dokta alizitambua, zilikuwa zake mwenyewe, za mfano wa ubaoni.

Tulikuwa bado tunabishana pale bibi mmoja alipotokea kati ya mikandaa, kanga kiunoni, ndoo mkononi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wajukuu zangu. Ni nyinyi mliowapiga tondo X?"

Tukakubali.

"Nami nikadhani serikali. Nikasema, nyumba wamezimaliza, sasa wamefika kwa tondo. Kwani hawa nao wamejenga kwenye hifadhi ya barabara?"

Akatueleza bila kinyongo kwamba wote anao yeye, au tuseme alikuwa nao. Macho yake siku hizi hayatofautishi vizuri tondo na tope, lakini chekundu anakiona toka mbali. Bamvua lile alijaza ndoo kabla jua halijakolea. Aliwachemsha, rangi haikutoka, nyama haikuwa na neno. Alitaka kujua kama tutapaka tena.

Dokta alifurahi kupita kiasi. Alituketisha kwenye mizizi akaeleza kwamba alama inayomrahisishia mwindaji kazi inavunja sharti la nafasi sawa, kisha akamgeukia bibi na kumhoji kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kumhoji mwanafunzi: anaokota wapi, wadogo wa kiasi gani anawaacha, miaka iliyopita walifika hadi mti gani. Bibi alijibu kwa kuonyesha kidole, huko mlilana, huku mchu, na kwa kupima gamba kwenye kidole chake cha kati. Hatukuwa na fremu iliyotupatia hata robo ya hayo.

Ndipo mpenda hesabu wetu akauliza: ikiwa bibi ndiye mwindaji, je, idadi ya wawindaji haitakiwi kujulikana pia? Akatoa kichupa cha rangi mfukoni, kwa mzaha. Bibi akakitazama.

"Hiyo udhu haushiki," akasema, akanyoosha vidole vyake. Kucha zote zilikuwa na hina. "Mimi nimeshatiwa yangu. Ingia nayo baharini uone kama itatoka."

Bamvua jingine tulimkuta tena, na hina yake palepale. Kwenye jedwali la ripoti tukaongeza mstari wa mwindaji: waliotiwa alama 1, waliokamatwa mara ya pili 1, wenye alama 1. Kanuni ya Petersen ikatoa 1, bila msaada wa Chapman. Dokta aliupitisha mstari huo, ila alirudisha ripoti kwa sababu safu ya njia ya ukamataji tuliiacha wazi. Tukaijaza kwa kalamu: "Shikamoo."